Ng'ombe Saba wa Shishiyu

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya, Mkurugenzi wetu, Dokta Lukresia Salu, viongozi wetu wa dini, ndugu wageni mliotoka Maswa, Busega na hapa hapa Bariadi, wafanyakazi wenzangu, na ninyi wadadisi wapya kumi na watano mnaoanza kazi Jumatatu, mliojibanza kule nyuma kama mmeitwa polisi: mwadila!

Hamjaitikia. Mwadila! Haya, hapo sawa.

Kabla sijaendelea, niombe ridhaa yenu kama kazi yetu inavyotaka. Mimi naitwa Januarius Mboje. Ninafanya kazi katika kampuni hii ya utafiti, na kazi yenyewe naiacha leo saa kumi jioni. Ningependa kuzungumza nanyi kwa muda mfupi. Ushiriki wenu ni wa hiari, na mnaweza kuacha kunisikiliza wakati wowote bila kunyimwa pilau. Wakongwe mnawaona wanavyocheka? Maneno hayo wameyasema milangoni mwa watu mpaka wanayaota.

Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa msimamizi wa ubora wa takwimu. Maana yake ni kwamba mdadisi akishatembea juani, akahoji kaya zake, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope, majibu yake yanaletwa mezani kwangu, na mimi, niliyeshinda kivulini nikinywa chai, natafuta kosa. Umri wa mama ni mdogo kuliko wa mwanawe? Rudia. Nyumba ya nyasi ina madirisha tisa ya vioo? Rudia. Najua jina mnaloniita nikigeuka, msidhani sijui. Mzee Rudia. Hata mke wangu siku hizi ananiita hivyo nikimrudishia chai isiyo na sukari.

Sasa, wiki tatu zilizopita Mkurugenzi alinipa kazi ya mwisho. Akasema, "Mzee Januarius, siku ya kukuaga utawaambia hawa vijana wapya ukweli: wafanyakazi wanapenda nini hapa, na hawapendi nini." Nikamwambia, Dokta, miaka yote hii tumewauliza watu wa Simiyu wanataka mbegu gani ya pamba, kisima kichimbwe wapi, watoto wao wamekula nini jana, sisi wenyewe nani aliwahi kutuuliza? Akacheka, akasema, "Basi kawaulize." Nikachukua daftari, nikaenda.

Nilianza na Athanasi, dereva wetu. Anapenda kwamba hakuna kitongoji mkoa huu kinachomshinda kufika, hata mvua ikinyesha. Hapendi kusubiri. "Mzee," akaniambia, "nimewasubiri wadadisi kwenye jua la Meatu mpaka nikajua majina ya mbuzi wa watu." Nancy, anayechambua takwimu, anapenda ile saa namba zinapoonyesha jambo ambalo hakuna mtu aliyelijua. Asilolipenda ni kwamba kijiji kama Kasoli anakijua kwa namba ya orodha tu, hajawahi kuonja hata karanga zake. Mkurugenzi, hilo ni jepesi, gari lina viti.

Wengi wamelia na mikataba ya miezi mitatu mitatu. Ukienda kupanga chumba, mwenye nyumba anakuuliza kazi yako inaisha lini, unaanza kuangalia dari. Wengi pia hawapendi kwamba ripoti zinaandikwa kwa Kiingereza, zinakwenda zinakokwenda, na bibi wa Nassa aliyekujibu maswali mia moja na arobaini huku uji ukimwagikia jikoni haoni hata ukurasa mmoja. Ukirudi mwaka unaofuata anakuuliza, "Mayu, mama yangu, yale majibu yangu ya mwanzo mliyapeleka wapi?" Utamwambia nini?

Lakini Kabula, mdadisi wetu wa siku nyingi, ndiye aliyenigusa. Nilimuuliza anapenda nini, nikidhani atasema posho. Akasema anapenda swali la mwisho. Vijana, mtalijua Jumatatu. Baada ya maswali yote, dodoso linakuagiza umuulize mwenyeji wako: Je, una swali lolote la kutuuliza? "Hapo ndipo mtu anakaa vizuri kwenye kigoda chake," akasema Kabula. "Analeta michembe, vile viazi vikavu, anaanza kusema ya moyoni." Na hupendi nini, Kabula? "Sipendi kwamba kwenye kishikwambi hakuna mahali pa kuandika anachosema."

Nilifunga daftari nikaenda nyumbani, na usingizi haukuja haraka. Kwa maana mimi mwenyewe sikuwa nimejihoji. Kama ningejihoji, ningelazimika kuwaambia kwamba jambo nisilolipenda kuliko yote katika kampuni hii nililifanya mimi.

Naomba utulivu kidogo. Na pale jikoni, mama zangu, vifuniko vipumzike.

Miaka saba iliyopita tulifanya utafiti wa mifugo Shishiyu. Tulikuwa na mdadisi mmoja, binti wa Nassa, miaka ishirini na minne, anaitwa Nyanjige Masalu. Alikuwa anasoma takwimu kwa masafa, na mkataba wake ulikuwa unakaribia kubadilishwa kuwa wa kudumu. Alitumwa kitongoji kimoja chenye kaya ishirini na mbili. Akarudi. Nikafungua majibu yake kwenye kompyuta, nikafika kwenye swali la kaya hii ina ng'ombe wangapi. Saba. Nikashuka. Saba. Nikashuka tena, saba, saba, saba, mpaka mwisho wa ukurasa, na kompyuta imeyapaka yote rangi nyekundu ya kosa. Kaya ishirini na mbili, kila moja ng'ombe saba!

Nilisimama na hasira zangu nikatoka nje, kwenye uwanja huu huu mlipokaa. Wafanyakazi walikuwa wanashusha mizigo kwenye gari. Nikamuuliza mbele yao, hawa ng'ombe umewatoa wapi? Akasema, "Mzee, ndivyo walivyosema. Hata mimi nilishangaa." Nikamwambia, umekaa kivulini ukabuni namba, halafu unaniletea mimi? Unaniona mtoto? Akataka kusema neno, nikamkatiza. Nilimvua kitambulisho kwa mkono wangu. Athanasi alikuwepo, aliangalia pembeni. Kisha nikaingia ndani nikaandika kwenye jalada lake maneno manne: Amepika data. Asiajiriwe tena.

Ninyi wapya, kupika data kwetu ni kama mpishi kuwatilia watu sumu. Kila Nyanjige alipoomba kazi ya namna hii, waajiri walipiga simu hapa, na hapa tukafungua jalada tukawasomea yale maneno manne. Alikataliwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaacha kuomba. Akaacha na masomo.

Mwezi wa tano mwaka huu nilikwenda Shishiyu kwenye msiba wa binamu yangu. Tumekaa na wazee, nikakutana na aliyekuwa mwenyekiti wa kile kitongoji, Mzee Joakim. Aliposikia ninakofanya kazi akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe ndio ninyi wa ng'ombe saba!" Nikamuuliza, saba gani, mzee? Akanieleza. Siku moja kabla ya wadadisi kufika, wanaume walikutana joshoni wakikogesha mifugo. Wakasema, wanakuja watu wa kutuhesabia ng'ombe, tufanyeje? Wakakubaliana, kila kaya iseme saba. Mwenye mia aseme saba, na asiye na hata ndama aseme saba. "Mwenye nao asijulikane," akaniambia, "na asiye nao asiaibike mbele ya mgeni."

Ndugu zangu, mimi nimezaliwa Kasoli, mtoto wa mfugaji! Baba yangu alipoulizwa ng'ombe wake wangapi, hata na daktari wa mifugo, alijibu, "Wapo wapo tu." Mkono wake ungewahi fimbo kabla mdomo haujataja idadi. Nililijua jambo hilo kabla sijajua kusoma. Lakini niliketi mbele ya ile kompyuta kwa miaka mpaka nikawa mgeni kwetu, na nilipoona saba ishirini na mbili sikufikiri kwamba watu wamekubaliana. Nilifikiri kwamba binti ni mwongo.

Mzee Joakim hakuwa amemaliza. Akasema, "Yule binti alitusumbua kweli, akiuliza mara mbili mbili. Mwishoni akaniuliza kama nina swali. Nikamwambia, ninalo: majibu yetu yakifanana mtafanya nini? Akasema, ofisini kuna mzee mmoja makini sana, hakubali kitu kirahisi. Atanirudisha nije niwaulize vizuri." Kisha akanitazama, hacheki tena. "Tulimsubiri. Mbona hakurudi?"

Mimi, Mzee Rudia! Niliyewarudisha watu Maswa kwa ajili ya madirisha! Siku moja tu katika miaka kumi na tisa ndipo neno hilo lilihitajika kweli, na siku hiyo sikulisema. Nililia pale msibani, na watu wakadhani namlilia binamu.

Nilimtafuta Nyanjige, nikamkuta Lamadi anauza dagaa. Nikamweleza yote nimesimama mbele ya meza yake. Alinisikiliza huku akiwapimia wateja, hakunipandishia hata sauti. Nilipomaliza kuomba radhi akasema, "Baba, uliniaibisha mbele ya watu. Radhi unaniletea huku kwenye dagaa?"

Alikuwa na haki. Ndiyo maana niliomba nipewe kipaza sauti leo, na ndiyo maana niliomba mwaliko mmoja wa ziada. Yule pale, karibu na Athanasi, mwenye kitenge cha kijani. Msigeuke wote kwa pamoja, mtamtisha. Basi, geukeni tu, nimewaita kwa ajili hiyo.

Nyanjige Masalu, ng'wanone, mwanangu, hukupika data. Ulileta walichokisema watu, neno kwa neno, kama ulivyofundishwa, na mimi niliyekufundisha nikakuita mwongo katika uwanja huu. Nilikosea. Nakuomba radhi katika uwanja huu huu, mbele ya Serikali, mbele ya viongozi wa dini, mbele ya wale walioshuhudia ile siku na hawa wasiokujua.

Dokta Lukresia, ulinieleza kwamba kufuta neno kwenye jalada kuna taratibu zake, na mimi mtu wa taratibu nakuelewa. Lakini maneno yale manne niliyaandika kwa dakika moja, bila utaratibu wowote. Barua ya kuyafuta nimeiandika. Iko mezani mbele yako, chini ya ile zawadi iliyofungwa kwa karatasi inayong'aa. Zawadi nitaipokea, naishukuru sana, na kwa umbo lake nadhani ni saa ya ukutani. Ila naomba niipokee baada ya barua.

Naona Mkurugenzi anapekua mkoba. Athanasi, mpe kalamu... Amesaini. Wabeja, Dokta, asante sana. Mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya ameshuhudia.

Basi, vijana wangu wapya, niliagizwa niwaambie kazi hii ikoje, na nimewaambia kwa kuzunguka sana. Mtaipenda. Mtakaribishwa na watu wasiowajua, mtapewa kigoda na michembe, mtaambiwa mambo ambayo mtu hajamwambia hata ndugu yake. Na mtaichukia siku mtakapoona aliye ofisini anaiamini rangi nyekundu ya kompyuta kuliko miguu yenu. Siku hiyo mwambieni arudie. Akikataa, mtajieni ng'ombe saba wa Shishiyu, na mimi mliyeniona hapa.

Nawashukuru nyote kwa kukaa na mimi juani na kunipa masikio yenu. Dodoso langu limefika mwisho, limebaki swali moja, na hili lina miaka saba tangu lilipotakiwa kuulizwa. Kabula, mpelekee kipaza sauti.

Nyanjige, je, una swali lolote la kutuuliza?