Kofia Iliyonuka Busaa Kanisani

Bwana asifiwe! Haya, tena, maana nyinyi wa viti vya nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe! Hapo sasa. Hicho kiti cha nyuma karibu na mlango mimi nakijua vizuri. Nilikikalia miaka mitatu, na sikukikalia juu ya hewa safi. Nilikikalia ndio nikinuka, upepo uitoe hiyo harufu nje kabla ifike kwa watu.

Mimi ni Mama Nekesa. Wajukuu wananiita Kukhu. Shule nilifika darasa la pili, halafu ng'ombe za baba zikanihitaji zaidi, kwa hivyo nikikosea maneno mnisamehe. Mchungaji amenipatia dakika kumi. Mchungaji, wewe ni kijana mzuri, lakini dakika kumi haichemshi hata chai. Weka hiyo saa kwa mfuko, tutaelewana.

Ndugu zangu, mnaiona hii kofia? Iangalieni vizuri. Ni nzito, rangi ya kahawia, imeshikana kama blanketi ya jeshi, na hapa pembeni iko na mstari mwekundu. Yesu ndiye aliniokoa, mtu asiseme nimesema ingine. Lakini alitumia hii kofia.

Siku hizo ni zile za Nyayo, rais wetu wa pili, watoto wanakunywa maziwa shuleni, na wewe ukienda kuuza kitu sokoni vijana wa chama wanakuuliza kadi kwanza. Nilikuwa nakaa hapo mtaa wa Huruma, chumba moja, mlango unaangalia mtaro. Mzee wangu alikuwa kazi ya kiwanda, kifua ikamshika, ikamchukua. Akaniacha na watoto wanne. Na tumbo ya mtoto haijui mama yuko kwa matanga, hapana! Asubuhi inauliza uji.

Sasa mimi nilijua kazi mbili tu. Ya kwanza kufuma. Shangazi yangu alinifundisha nikiwa msichana, na sindano zetu zilikuwa spoki za baiskeli, tunazisugua kwa jiwe mpaka zinateleza. Ya pili, kupika busaa, ile pombe yetu ya nafaka ya wimbi. Na mtu akinunua sweta leo, atarudi lini? Mpaka hiyo iishe, na mimi nilikuwa nafuma vizuri, zilikuwa haziishi! Lakini mtu wa busaa anarudi kesho. Wengine wanarudi saa nane hiyo hiyo siku. Nikachagua busaa.

Na busaa ilikuwa imekatazwa kabisa na serikali. Nilijua. Nikaificha nyuma ya pazia, kwa pipa.

Lakini nyinyi mnajua baridi ya hii Eldoret yetu. Mwezi wa saba hata ulimi inatetemeka. Pipa ikishikwa na baridi, hiyo pombe hailali vizuri, haichachi, inakaa tu hapo inakuangalia. Kwa hivyo nikaenda kununua sweta mzee mzee za kafa ulaya, mitumba, zile za manyoya ya kondoo kweli, nikazifumua zote, na ule uzi nikafuma kitu kubwa ya kuzungushia pipa. Ndugu zangu, wamama wengine walikuwa wanafumia watoto wao. Mimi nilifumia pombe sweta! Na nikaitia mstari mwekundu, ndio ipendeze!

Chifu wa mtaa alinishika mara mbili. Mara ya kwanza alinigombeza tu, akamwaga. Mara ya pili nililala ndani siku tatu, watoto wakilala kwa jirani kama mizigo. Nikitoka akaniambia mbele ya watu, "Wewe mama, mimi sina neno na wewe, lakini ya tatu nakupeleka mbele ya hakimu, na yule anafunga miezi sita bila kukuangalia uso." Miezi sita! Nani atakaa na watoto wanne miezi sita? Mdogo alikuwa bado hajui kufunga kifungo. Hiyo maneno ililala na mimi, ikaamka na mimi. Lakini niache busaa, nikule nini? Nikarudi kwa pipa.

Na kila Jumapili nilikuja hapa kanisani. Nilipenda kuimba jamani! Hapo kwa kiti cha nyuma.

Sasa sikieni vile Mungu anafanya. Kila Jumamosi nilikuwa naosha ile sweta ya pipa, ndio chifu akija asipate harufu. Naiweka kwa maji moto, sabuni nyingi, nasugua kwa jiwe mpaka mkono inauma, halafu naitupa kwa maji baridi, narudia tena. Kila nikiosha, inapungua! Nikafikiri ni macho yangu. Wiki ya nne haifiki chini ya pipa. Wiki ya saba inafunika kifuniko tu, lakini imekuwa nzito, hata shimo za sindano huzioni. Nikakata kidogo na makasi nione. Uzi haukufumuka! Yaani unakata vile unataka, pembeni inakaa tu imetulia. Nilikuwa sijawahi kuona. Baadaye ndio nilijua, uzi wa kondoo ukiuchoma na maji moto na kuusugua, unashikana na hauachani tena. Ya nailoni sugua mpaka Yesu arudi, haishikani.

Jirani yangu wa duka alikuwa Mama Halima, Msomali, mtu wa maombi sana. Sukari ya busaa nilikuwa nanunua kwake. Alikuwa ananiambia, "Mama Nekesa, mimi nakuuzia sukari. Inaenda wapi, usiniambie. Ukiniambia nitalazimika kukukataza." Akaona kile kitambaa kwa kamba. "Hii ni nini? Nitengenezee viatu vya nyumbani, simiti hii ya Eldoret imenimaliza miguu." Nikakata, nikashona, nikampelekea. Alifurahi huyo mama! Akatembea ndani ya duka kama bibi arusi.

Siku ya pili amesimama kwa mlango wangu, ameshika hivyo viatu na vidole viwili, mbali na pua.

"Mama Nekesa. Hizi viatu zimekunywa."

"Zimekunywa nini?"

"Unaniuliza mimi? Jana zilikuwa kavu, zilikuwa na adabu. Leo nimetawadha, nikazivaa na miguu mbichi, harufu ikaamka! Mimi nisimame mbele ya Mungu mara tano kwa siku na miguu ya mlevi?"

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Ndugu zangu, hapo Mungu alikuwa ananionya, na mimi nilicheka.

Kwa sababu kilibaki kipande cha ile sweta ya pipa. Na Mama Mchungaji, bibi ya mchungaji wetu wa wakati huo, mama mpole, sauti yake kama maziwa, alisikia nafuma, akaniomba kofia ya baridi. Singeweza kufuma mpya? Ningeweza. Lakini uzi safi sikuwa nao, na pesa yote ilikuwa imeingia kwa wimbi ya busaa. Nikasema moyoni, kichwa si miguu, kichwa hakitawadhi. Nikakata kile kipande, hiki hiki, mstari mwekundu ukakuja mbele vizuri. Nikampelekea. Akanikumbatia! Mimi nikaanza kuomba kila asubuhi, "Mungu, usinyeshe Jumapili." Nilisahau ni Eldoret.

Jumapili ikanyesha.

Mama Mchungaji alitembea kwa miguu, akaingia amelowa, kofia yake kichwani, akaketi mbele na heshima yake. Mchungaji akaanza kuhubiri. Kanisa lilijaa, watu wamebanana, joto ikapanda. Na ile kofia ikaanza kutoa mvuke.

Mimi huku nyuma nikaisikia. Nyinyi mnadhani singeijua? Hiyo ilikuwa busaa yangu mwenyewe!

Watu wakaanza kugeuza shingo. Hapo mbele alikuwa Mzee Kiptoo, alikuwa ameokoka mwaka huo huo, lakini pua yake ilikuwa bado haijaokoka. Akafunga macho, akavuta hewa pole pole, akasema kwa sauti, "Hii ni ya wimbi. Na imekomaa." Akafungua macho, akaangalia kofia. Watu wote wakaangalia kofia. Halafu wakamwangalia Mama Mchungaji usoni. Mama wa kando yake akasogea kidogo kwa benchi. Na mwingine akasogea. Mchungaji akakatiza mahubiri, ameshika Biblia, anamwangalia bibi yake. Na huyo mama hakujua! Alikuwa anajaribu kucheka, hajui amekosea nini.

Ndugu zangu, mlango ulikuwa karibu na mimi hapa, hivi. Ningetoka. Na niwaambie kitu ingine. Siku hiyo chifu alikuwa ndani! Alikuwa amekuja kutangaza baraza, ameketi mbele, kofia yake ya kazi kwa goti. Nikisema, ni ya tatu. Miezi sita. Niliona watoto wangu wanne mmoja mmoja. Nikinyamaza, niko salama, na huyo mama anabaki mlevi mbele ya watu maisha yake yote.

Sijui nani alinisimamisha. Miguu ilikuwa yangu, lakini nguvu haikuwa yangu.

Nikasema, "Ni mimi! Hiyo harufu ni yangu! Mwacheni Mama Mchungaji, hajawahi kuonja! Hiyo kofia ilikuwa sweta ya pipa langu!"

Mvua ikazidi kupiga mabati.

Chifu akasimama. Akavaa kofia yake, pole pole. "Pipa iko wapi?"

"Iko kwangu, nyuma ya pazia. Imejaa."

"Twende."

Nilidhani tunaenda wawili. Nikageuka, naona Mama Mchungaji amenifuata, kofia bado kichwani, na Mchungaji, na kanisa lote nyuma, na mtu akaanzisha wimbo. Tukaingia Huruma na mvua tukiimba! Wateja wangu walikuwa wanangoja kwa mlango, wakadhani ni mazishi, wakavua kofia.

Chifu akashika pipa alimwage. Nikamwambia, "Hapana, Chifu, nililipika na hii mikono, nalimwaga na hii mikono." Nikalisukuma mpaka mlangoni, nikalilalisha, busaa yote ikaenda kwa mtaro. Ilienda! Bata wa Huruma walitembea upande siku mbili. Mteja mmoja alilia machozi, nawaambia ukweli. Na mimi nililia, lakini nilikuwa naskia nyepesi, kama mtu ametua gunia la mahindi chini.

Halafu nikanyoosha mikono mbele kwa chifu, anifunge.

Chifu akaangalia mikono yangu. Akaangalia watoto, wanne wote wamesimama kwa kitanda. Akachungulia ndani ya pipa, akainuka. Akasema kwa nguvu, kila mtu asikie, "Mimi nimekuja hapa kukamata pombe. Pombe iko wapi? Naona pipa tupu." Akaenda zake na mvua. Alipofika mbali kidogo akageuka, "Na ibaki tupu!"

Bwana asifiwe! Semeni kama mmesikia!

Haikubaki tupu. Ngojeni, msitoe macho. Jumanne Mama Mchungaji alikuja na wamama wengine watatu, kila mmoja na sweta mzee kwa mfuko, akakunja mikono ya nguo yake, akauliza, "Mama Nekesa, hili pipa linaweza kuchemsha maji?" Tukaliosha na majivu na mchanga, tukalichemsha, tukatia sabuni, tukaanza kusugua. Kofia, soksi za ndani, mifuko, glavu za watoto. Tulifuma kubwa, tukaiosha mpaka ikawa ndogo. Tulicheka, tulipiga kelele, tuliimba. Viatu vya Mama Halima nilivifanya vipya, uzi safi kabisa. Alivilowesha maji kwanza mbele yangu, akanusa kushoto, akanusa kulia, ndio akavaa. Halafu akaviweka vingine kwa duka lake, na wale madereva wa malori wa kutoka kaskazini, watu wa nchi ya joto, wakifika hapa masikio yameganda, walinunua kofia mpaka nikafuma nikitembea. Watoto wangu walikula, wakasoma. Nekesa ni yule pale, ameficha uso. Usifiche, mama, ni kweli!

Na Mama Mchungaji hii kofia alikataa kunirudishia. Nilimwambia nimtengenezee safi, akakataa. Aliivaa jua na mvua. Mtu akikunja pua, anamwambia, "Hiyo ni ushuhuda wa Mama Nekesa, nusa vizuri." Siku walipohamishiwa kanisa lingine ndio alinipatia, akasema, "Itunze. Siku moja utahitaji kuwaonyesha watu."

Ni leo.

Ndugu zangu, wewe uko hapa na umefunika kitu. Umekifunika vizuri, na mstari mwekundu juu, na kila asubuhi unaomba isinyeshe. Mimi nakuambia, wacha inyeshe! Nilijificha miaka mitatu, nikaogopa mvua, na mvua ndio ilinifungua. Mwamini Yesu. Hakuniacha mbele ya chifu, hatakuacha.

Sasa hii kofia asubuhi nimeilowesha, ndio maana mnaiona inadondosha maji kwa sakafu, mnisamehe. Nekesa, ishike, uanze na kiti cha nyuma. Pitisha, kila mtu anuse. Usiogope, baba, weka pua kabisa. Nusa! Unasikia nini? Sema kwa nguvu, kanisa lisikie.

Kondoo! Amesema kondoo! Ni kondoo tu, ndugu zangu, hakuna kingine! Bwana asifiwe!

Na wewe wa karibu na mlango, nimekuona unaangalia nje. Mvua imeanza. Usitoke. Simama, mwanangu, nakuja hapo tusimame wawili.