Wayua Ndunda, Aliyelirudisha Jiji la Mbuani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Bi. Wayua Ndunda anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Alijiunga na Ndata Wachapishaji, hapa Machakos mjini, mwaka wa 1994, akiwa mpangaji wa kurasa za vitabu vya nyimbo na kadi za harusi. Sisi sote tulimkuta hapa. Kilichomtangulia ni mashine ya kukata karatasi peke yake, na hiyo nayo imebadilishwa injini mara mbili.

Mwaka wa 2008 kampuni ilianza kuchapisha michezo ya kuigiza mezani, ile ambayo marafiki huketi pamoja, wakarusha dadu, na kila mmoja akawa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Kitabu kimoja hutoa sheria za mchezo. Cha pili, ambacho ndicho kilichotupa jina, hueleza jiji wanamoishi mashujaa hao: mitaa yake, wakazi, maadui na historia. Jiji letu linaitwa Mbuani, na mwandishi wake ni mwenzetu Titus Muthoka.

Madam Wayua alipewa muswada apange kurasa tu. Akaurudisha na maswali arobaini. Maji ya Mbuani yanatoka wapi? Shujaa akiangusha jengo la ghorofa saba, wapangaji watalala wapi? Titus anakiri kwamba alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaanza kuandika majibu. Tangu hapo hakuna ukurasa wa Mbuani uliotoka bila Madam kuuhoji.

Februari 2019, wezi walivunja ofisi wakabeba kompyuta zote pamoja na diski ya akiba. Toleo la pili la Mbuani, kazi ya miaka mitatu, likaenda nazo. Uzinduzi ulikuwa umepangiwa Julai, na idara ya michezo yenye watu sita ilitegemea kitabu hicho. Mkurugenzi wetu, Bw. Urbanus Kimeu, alituita mkutanoni akiwa ameshaandika tangazo la kuifunga idara.

"Hiyo kitabu imeisha," Titus alisema. "Hata sikumbuki nusu yake."

"Basi tuulize wanaoishi huko," Madam akajibu.

Akatukumbusha kwamba kwa miaka hiyo mitatu tulikuwa tukiwapelekea wachezaji sura za majaribio, nao waliandika kila kilichotokea mchezoni katika madaftari yao. Akamgeukia mkurugenzi. "Nipe mpaka Pasaka. Nikirudi mikono mitupu, funga."

Kila Jumamosi akashika njia, nami nikimbebea mkoba. Kundi la Tala, linalokutana nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, lilimkatalia. Walikuwa wametuandikia barua nne na hakuna aliyewajibu. Madam hakutetea kampuni. Aliomba radhi, akaomba kalamu, akaketi kwenye mfuko wa simiti akajibu barua zote nne palepale. Tuliondoka na madaftari matano. Katelembo tulipata mawili, moja limeliwa na panya pembeni.

Katangi ndiko kulikokuwa na hazina. Mwalimu Peris Wathome, anayeongoza mchezo katika ukumbi wa kanisa, alitupa madaftari tisa. Humo tuligundua kwamba Mvunja-Madaraja, adui mkuu wa Mbuani, alikuwa amekamatwa, akahukumiwa na wakazi, na sasa anatengeneza madaraja aliyoyabomoa.

Titus alipinga. "Huyo ni adui wangu. Si fundi!"

"Alikuwa wako," Madam alimwambia. "Watu wa Katangi wamekaa na yeye miaka mitatu. Wewe ulikaa na yeye kwa kompyuta."

Titus alitoka akibamiza mlango. Baada ya chakula cha mchana akarudi, akavuta kiti, akaomba daftari la kwanza la Katangi. Sura aliyoiandika kutokana nalo ndiyo ambayo wachezaji hutuandikia habari zake mpaka leo.

Pasaka ilipofika, theluthi mbili za jiji zilikuwa mezani kwa mkurugenzi. Alisoma asubuhi nzima, kisha akalichana tangazo lake. Kitabu kilitoka Septemba, kikiwa kimechelewa na kupungua, na mitaa ya kaskazini ikiwa tupu kwenye ramani kwa sababu hakuna kundi lililokuwa limefika huko. Madam alikataa katakata kuijaza kwa kubuni. Nakala ya kwanza ilipotoka mashineni, alijifungia stoo dakika kumi. Alirudi macho mekundu, akiwa ameshapata kosa la chapa ukurasa wa 88.

Leo idara ya michezo ina watu tisa. Watatu kati yao walianza kama wachezaji wa Tala na Katangi.

Madam, kwa kutofunga mlango siku ambayo sisi tulikuwa tumeshaufunga moyoni, pokea shukrani zetu. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha shambani Yatta, na wageni wasiokuja na miswada.

Wiki jana, mama huyu ambaye hajawahi kucheza hata mara moja, aliniomba karatasi ya mhusika, ile ambayo mchezaji humwelezea shujaa wake kabla ya kuanza. Penye jina aliandika Wayua. Penye kazi akaandika "mstaafu." Penye nguvu za ajabu aliacha wazi.

"Hiyo nitaijaza nikishazoea kupumzika, Munyiva," aliniambia, akaikunja karatasi akaitia mkobani.