Bluu ya Mama Kwenye Theluji

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ndiye yule anayeuliza maswali katikati ya mahubiri, kwa hiyo leo nivumilieni nikijibu moja.

Nilijitolea kubeba majeruhi kwenye vita vya Ukraine. Mavazi meupe ya kujifichia thelujini hayakututosha. Mama, anayetunza wazee kule Germantown, hapa Marekani, akanunua mashuka meupe, akashona makoti mawili yenye kofia: langu, na la mwenzangu wa machela. Kina mama mnajua alichofanya kabla ya kuyatuma. Aliyaloweka kwenye bluu ya kufulia ili weupe ung'ae, kama mashati yangu ya shule.

Asubuhi moja tulikuwa tukiburuta machela uwandani, droni ikaja. Tukalala kifudifudi. Nikamtazama mwenzangu: koti lake lilikuwa samawati juu ya theluji. Droni ikazunguka, ikaenda, ikarudi moja kwa moja juu yetu, ikadondosha bomu. Mwenzangu alipoteza mguu.

Nikampigia Mama. "Bluu yako imemkata mtu mguu."

Sikuongea naye mwaka mzima. Nawaambieni ukweli: nilirudi nyumbani, mji wa Falls Church, nikajifungia, nikapoteza kazi. Nililala sakafuni kwa sababu sikuweza kugusa shuka jeupe.

Theluji ya mwaka huu ilipoanguka, Mama akabisha mlangoni kwangu, ghorofa ya tatu. Alikuwa amevaa koti kama yale, limetiwa bluu.

"Kaa dirishani unitazame."

Akashuka, akavuka uwanja wa magari na magoti yake yale mabovu mnayoyajua, akalala kifudifudi.

Nilitafuta bluu. Nilichoona kwanza ni nyayo zake, mstari mweusi kutoka mlangoni hadi alipolala, kama kidole kinachomwonyesha. Ndipo nikakumbuka mfereji tulioacha kwa machela siku ile, uwanda mzima.

"Umeniona?" akapaza sauti kutoka chini.

"Nimekuona, Mama."

"Kwa bluu?"

Nikashuka kumwinua. "Taratibu, msomi," akasema. "Nimeganda hapa nikisubiri ufikiri."

Sisemi bluu haikuonekana. Sijui. Nasema mimi ninayehoji kila kitu, hilo sikulihoji, maana lilinipa mtu wa kulaumu.

Asante dada uliyemleta Mama barabara zikiwa barafu. Asante mwenzangu, uliyepokea simu yangu ukacheka kabla sijamaliza kuomba radhi. Nanyi mnaonisikiliza: jibu likija haraka mno, tena likiwa na sura ya mtu anayewapenda, lihojini tena.

Mama, najua una mashuka kwenye gari. Yalete. Nitayalalia na bluu yako.