Mauricette Vasseur, Mlinzi wa Michoro Aliyeogopa Giza

Mama yetu mpendwa, marehemu Mauricette Vasseur, alizaliwa mjini Rouen, Ufaransa, tarehe 9 Februari 1938, mtoto wa kwanza wa mzee Gustave Quesnel, fundi viatu. Mabomu ya Vita Kuu ya Pili, Aprili 1944, yalimfukia yeye na mdogo wake, Fulbert, katika chumba cha chini ya nyumba. Walitolewa wakiwa hai. Tangu siku ile aliogopa giza, wala hakuificha hofu hiyo.

Alisoma kwa masista hadi 1954. Mwaka 1961 aliolewa na Anselme Vasseur, dereva wa treni, na taa ya chumbani haikuzimwa tena. "Nimeoa stesheni," baba alizoea kusema, akijifunika kofia usoni ili apate usingizi.

Mwaka 1963 aliajiriwa kuwa mlinzi katika makumbusho, akapangiwa ukumbi wa michoro, mahali penye mwanga hafifu kuliko pote mjini. Alilia wiki nzima, lakini alikwenda. Mwaka 1989 yalifanyika maonyesho ya michoro ya enzi za Mapinduzi ya Ufaransa. Mmoja ulichorwa gerezani: wanawake watano wakisubiri kuitwa majina, wapelekwe kukatwa vichwa. Mama alikaa kando yao miezi mitatu, ameshikilia kiti kwa mikono miwili.

"Mama, washa taa bwana, tumelipa kiingilio," mgeni mmoja alifoka.

"Wewe utaondoka sasa hivi, baba. Hawa mwanga unawafuta. Vumilia kidogo, hata mimi naogopa."

Maonyesho yalipokwisha, michoro ilitolewa ukutani, ikarudishwa kwenye maboksi ipumzike gizani miaka mitatu, kama ilivyo desturi. Aliwaaga wale wanawake mmoja mmoja.

Mwaka 2018 mapafu yalianza kumsumbua, na hofu ikarudi kwa nguvu.

"Anselme, kule chini hakuna taa."

"Nitakufuata, mke wangu. Tutapapasana," baba alimjibu. Tuliogopa sote.

Jumanne mchana, tarehe 12 Machi 2019, jua lilimpiga usoni kitandani.

"Bérénice, funga pazia," aliniambia mimi bintiye. "Nimekaa ukutani vya kutosha."

Nilifunga. Alinibana mkono mpaka ukaniuma, lakini hakuomba taa. Alifariki kabla ya jioni.

Ameacha mume, binti mmoja, mdogo wake Fulbert, na wajukuu wawili, Clotaire na Edmée. Leo tunaoogopa ni sisi. Apumzike kwa amani, mpaka siku atakapotolewa tena.