Sponji, Mshika Pedi Aliyezifuata Ngumi

Tangu Jumanne hakuna aliyesikia ule mlio. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, marehemu alikuwa akisimama kwenye mlango wa nyuma wa karakana yake, iliyopakana na nyumba, na kugonganisha pedi mbili za ngozi, zile za kupokelea ngumi za mabondia mazoezini, mara mbili, ili kuamsha vidole. Majirani walizoea kubandika chai kwa mlio huo, na mpangaji wa nyumba ya pili amekiri kwamba wiki hii amechelewa kazini siku tatu. Hata aliposhindwa kusimama, marehemu aligonganisha akiwa amekaa. Wiki ya mwisho aligonganisha mara moja tu. Sasa kuna kimya, na sisi wa nyumba ile bado tunaamka saa ile ile, tunakaa kitandani tukiusikiliza ukuta.

Marehemu alizaliwa tarehe 21 Mei 1966, kifungua mimba wa dereva wa lori na mshona sare za shule. Nyuma yake nilifuata mimi ninayesoma haya. Miaka kumi na miwili baada yake, wazazi wakiwa wameshagawa nguo zote za kichanga, akaja kitinda mimba, ambaye mpaka leo, na mvi zake, tunamwita Kitinda. Baba alikuwa barabarani, mama alikuwa kwenye cherehani, na mtoto akawa wa kaka yake. Alimbeba mgongoni hadi miguu ya mtoto ikawa inagonga magoti ya mbebaji.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1984. Hakuwa mwanafunzi wa kutajwa. Ila daftari zake zote alizishona upya mgongoni kwa uzi wa mama, na mpira wa shule, uliokuwa ukipasuka kila muhula, uliponea mikononi mwake. Mwalimu mkuu aliandika kwenye ripoti yake ya mwisho: "Mikono yake inafikiri. Kichwa kijitahidi kuisaidia." Baba aliisoma mezani, akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

Mwaka 1985 aliingia kujifunza kazi kwa fundi wa viti vya magari, na mwaka 1991, miaka miwili baada ya baba kufariki, akafungua karakana yake mwenyewe. Ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, marobota ya sponji hadi darini, ndoo ya gundi na sindano zilizopinda kama kucha. Ngumi ziliingia humo kwa njia ya ajabu. Mwaka 1995 kocha wa jimu iliyokuwa mtaa wa pili alileta pedi zilizochanika. Marehemu alizijaza sponji mpya, akazishona, akazirudisha mwenyewe.

"Zitadumu hizi?" kocha akauliza.

"Sijui. Mpaka zipigwe."

"Basi zishike."

Alizishika. Bondia alizipiga dakika tatu nzima, na kocha, badala ya kumtazama bondia wake, alikuwa anamtazama fundi.

"Umewahi kufanya kazi hii?"

"Mimi nashona viti."

"Kesho acha viti, uje."

Alikwenda, na akaendelea kwenda kila jioni kwa miaka ishirini na minne. Jina la Sponji alilipata huko, kwanza kwa sababu ya vumbi la njano lililokuwa halimtoki nywelani, halafu kwa sababu alipokea kila alichopewa bila kulalamika. Mwaka 2001 jimu iling'oa ulingo wa kamba na kuweka kizimba cha waya, ukaingia ule mchezo wa mapigano mseto, ambao ngumi, mateke, magoti na mieleka vyote ni halali. Marehemu akiwa na miaka thelathini na mitano alijifunza kazi upya, akajishonea pedi ndefu za mateke na mkanda mnene wa tumbo. Alikuwa anarudi nyumbani mikono imevimba, anashindwa kumega mkate.

Vijana wa jimu walikuwa na ubishi usiokwisha, wa nani mpigaji mkubwa kuliko wote katika historia ya mchezo huo. Waliwataja wale wa kwenye televisheni, wa mateke ya kichwa, wa viwiko, wa mkono mmoja tu wa kushoto uliolaza watu kumi na tano. Mwisho walimgeukia yeye.

"Fundi, kata maneno. Nani zaidi?"

"Sijamshikia pedi hata mmoja wao. Nitajuaje?"

"Sasa uliowashikia wewe, nani zaidi?"

"Msusi."

Walidhani anawatania. Lakini mwaka 2004 kulikuwa na msusi aliyekuja jimu kwa wiki sita, kupunguza mwili kabla ya arusi ya dada yake. Marehemu alisema ngumi ya yule mama ilikuwa inafika kabla hujaiona ikiondoka, na kwamba haikuwa na hasira ndani yake, ilikuwa na uzito tu. Arusi ikapita, msusi akarudi saluni, hakuonekana tena. "Ndiyo hivyo," alikuwa akisema. "Mkubwa kuliko wote yuko mahali anasuka nywele, hana habari."

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na karani wa posta. Walikutana pale posta ilipomletea viti vya ofisi avivishe upya. Wifi yangu alitumwa kuvikagua. Akakaa cha kwanza, akainuka. Akakaa cha pili, akainuka. Kwenye cha saba akasema, "Hiki kimeinama kushoto." Marehemu akapima, hakikuwa kimeinama. Akakifumua hivyo hivyo, akamwambia arudi Ijumaa. Alikifumua kiti kile mara nne. Wifi anasema hadi leo kwamba kilikuwa kimeinama kweli, na sisi tumechoka kubishana naye. Walijaliwa mabinti wawili.

Sasa nafika mahali ambapo wasifu mwingine wowote ungepita kimya. Nami ningepita, lakini marehemu mwenyewe alimwachia mkewe agizo: "Msinisifie tu. Someni na la mdogo wangu, asije akadhani nililisahau."

Mshika pedi anapoona ngumi inakuja anaweza kuisubiri, au anaweza kuifuata kidogo, upana wa kiganja, ili pedi na ngumi vikutane njiani. Akiifuata, mlio unakuwa mkubwa, na mpigaji anahisi amebeba nyundo. Washika pedi wote huzifuata ngumi kidogo, siku za mwanzo, kumpa mtu moyo. Kisha huacha, ili mtu ajue nguvu yake halisi ni ipi kabla hajaijulia mbele ya mtu mwingine. Kwa Kitinda, aliyeingia jimu mwaka 2003, marehemu hakuacha. Alimfuatia ngumi zake miaka mitatu.

Nilimuuliza mwaka huu kwa nini. "Baba alipokufa yule mtoto aliinamisha kichwa," akasema. "Miaka na miaka kimeinama. Siku ya kwanza aliposikia mlio ule, aliinua uso. Nilishindwa kumnyima."

Kitinda alishinda mapambano manne, dhidi ya watu dhaifu. Jumamosi tarehe 12 Agosti 2006 alipewa mtu wa kweli. Raundi ya pili alimpata kidevuni kwa mkono wa kulia, ile ngumi iliyokuwa ikisimamisha watu mazoezi jimu nzima. Yule mtu alipepesa macho tu. Kitinda akarudia. Yule mtu akapepesa tena. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu, nikamwona mdogo wangu akiitazama mikono yake, kama mtu aliyebonyeza swichi na taa haikuwaka. Teke lilimkuta bado anaitazama.

Taya lilivunjika mahali pawili. Wiki sita alikunywa supu kwa mrija, na sikio lake la kushoto tangu siku ile linasikia kama mtu aliye chumba cha pili. Mwaka uliofuata alijaribu kurudi, akaenda jimu nyingine. Akapiga, pedi zikatoa mlio mdogo. Akamuuliza mshika pedi wa pale, "Pedi zenu zina nini?" Yule akamjibu, "Zina sponji, bwana, kama za wengine."

Hapo akaelewa. Alikwenda karakana, akamkuta marehemu anashona kiti.

"Kaka, ulikuwa unazifuata?"

Marehemu hakuinua kichwa. Kitinda alisimama pale mpaka mshono ukaisha na uzi ukakatwa. Kisha akaondoka. Wala hawakugombana, na ingekuwa nafuu wangegombana. Kwa miaka kumi na mitano, kwenye arusi, kwenye msiba wa mama, kwenye ubarikio wa watoto wetu kanisani, nilisikia maneno yale yale mawili: "Shikamoo, kaka." "Marahaba." Kisha mmoja anatafuta kiti upande mwingine wa chumba. Kitinda akawa fundi wa kufunga milango ya vioo. Marehemu akaendelea kushika pedi, lakini kocha ananiambia kuanzia wakati ule hakumfuatia ngumi mtu yeyote, hata mgeni wa siku ya kwanza. Wengine walimwona mkali.

Kikohozi kilianza mwaka 2018. Mwaka 2019 aliacha jimu, na mwaka 2020 madaktari wakasema mapafu yake yamekakamaa kwa vumbi la sponji na moshi wa gundi. Daktari alipomuuliza kama amewahi kupigwa kifuani, alijibu, "Nimepigwa kila siku, dokta, ila siyo hapo." Vidole navyo viligoma. Havikukunjuka wala kukunjika, vilibaki katikati, kama bado vimo ndani ya pedi. Alishindwa kufunga vifungo vya shati, na wifi yangu akawa anamfungia.

Jumapili tarehe 6 Februari mwaka huu, mchana, alimwita Kitinda kwa simu. Kitinda alikuja na nguo zake za kazi, akaamkia, akasimama mlangoni. Marehemu alikuwa kwenye kiti, mpira wa oksijeni puani, pedi moja ameivaa tayari.

"Piga," akasema.

"Kaka, unaumwa."

"Piga mkono wa kulia. Sitaifuata."

Kitinda alitutazama sisi, mimi na wifi. Hakuna aliyemsaidia. Akapiga. Pedi haikusogea hata unywele. Mlio wake ulikuwa kama wa mto wa kulalia ukianguka sakafuni.

"Hiyo tu?" Kitinda akauliza.

"Hiyo tu. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo."

"Kumbe nilikuwa mbovu."

"Mbovu sana, mdogo wangu. Hata mimi nilikuwa nakuonea huruma."

Kitinda akakaa chini, hapo hapo sakafuni, akaanza kucheka. Marehemu naye akacheka mpaka kikohozi kikamkaba, na wifi akawafokea wote wawili kama watoto. Kilipotulia, marehemu alisema, "Ningekwambia siku ile uliyokuja karakana." Nisiwadanganye kwamba mambo yaliisha siku hiyo. Nilipomuuliza, Kitinda aliniambia hasira yake iko pale pale, ila amechoka kukaa nayo peke yake. Kesho yake alikuja tena, na kesho kutwa. Akawa anakuja kila asubuhi kabla ya kazi kumvalisha kaka yake shati, wanabishana kuhusu nani mpigaji mkubwa kuliko wote. Mpaka leo Kitinda hajamkubali yule msusi.

Jumanne tarehe 8 Novemba, saa moja na dakika kumi asubuhi, marehemu alikata roho nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Kitinda alikuwa anamfunga shati, amefika kifungo cha tatu. Alitambua kwamba kaka ameondoka, akavifunga vilivyobaki.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja wa kiume mwenye miezi minane, dada mmoja, na Kitinda. Ameacha pia pedi ambazo vijana wa jimu wanaendelea kuzipiga, na hawatazichana leo wala kesho. Wamechoka waliomuuguza, na yeye alichoka kabla yao. Apumzike sasa, na mikono yake ipumzike zaidi.

Yumo ndani ya jeneza lililo mbele yenu, amevaa shati la bluu lililofungwa vifungo vyote. Vidole havikukubali kunyooshwa. Vimewekwa juu ya kifua jinsi vilivyokuwa, na havijashika kitu.