Moshi Uliooshwa

Basi la UDA lilipoondoka Kariakoo, Shaibu alikuwa amepakata kiko cha maji cha babu yake, kimefungwa kwa gazeti, na magoti yanamcheza kwa furaha. Wenzake watano walikuwa wakimngoja Posta, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukivuta. Siri ikamshinda. Akamgeukia mama aliyeketi pembeni yake, ambaye hata jina hakulijua. "Shikamoo mama! Hiki ni kiko cha maji, si kama sigara. Moshi unapita kwenye maji, unaoshwa, unakufikia msafi kabisa!"

"Marahaba. Unaoshwa kwa sabuni gani?" mama akadakia, sauti juu kuliko injini. "Mimi nafua nguo za watu, mwanangu. Mwezi wa tatu huu sabuni hakuna, nafua kwa maji matupu. Nguo inalowa tu, haitakati!"

"Lakini maji ya kiko yakimwagwa ni meusi tii! Uchafu wote umebaki humo!"

"Na yangu ya kufulia ni meusi vilevile. Kaangalie kola!"

"Babu amevuta miaka arobaini, mama!"

"Amekohoa mingapi?"

Nyumbani kwao vumbi ndilo lililosingiziwa kikohozi kile. "Mtu mzima lazima akohoe!" Shaibu akapaza sauti, na abiria wawili wakacheka. Basi likasimama Posta, miluzi ya wenzake ikamwita. Akaruka chini, kiko kwapani, anacheka. Shati lake jeupe lilikuwa limefuliwa jana, bila sabuni, na mkono wake ulikwishapanda wenyewe kuifunika kola.