Bwana Spinachi na Bakuli la Mama Kona

Wasikilizaji wapendwa, uwe jikoni, uwe dukani, uwe safarini, sogea karibu na redio yako. Leo tunamkumbuka mtu mmoja mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa na mkoba uliojaa mifuko ya plastiki. Nyumbani kwake aliitwa baba. Kazini aliitwa mkusanya sampuli. Lakini katika mtaa ulio nyuma ya kituo cha umeme wa nyuklia, ukimwulizia kwa majina hayo utazunguka mpaka viatu viishe. Uliza Bwana Spinachi. Hata mtoto mdogo atakushika mkono akupeleke.

Bwana Spinachi ametutoka wiki iliyopita. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Narudia, maana yamesemwa mengi: ni moyo. Tutafika huko.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kila msimu alipita nyumba kwa nyumba akiomba mboga, mayai, maziwa na maji ya kisima. Kidogo kidogo tu. Vitu hivyo vilipelekwa maabara ya kituo, vikapimwa kama vimeingiwa na mionzi. Majibu yaliandikwa kwenye ubao mkubwa karibu na bomba la mtaa, kila mwenye macho asome. Hakuwa injinia. Hakuwasha wala kuzima mtambo wowote. Alikuwa mtu wa kuomba mboga za watu.

Hebu fikiria, msikilizaji. Mtu anatoka kwenye lile jengo lenye uzio na walinzi, anapiga hodi kwako, anasema, "Naomba spinachi yako nikaipime." Ungempa? Wengi hawakumpa. Mama mmoja alimwuliza mlangoni, "Kama mna hakika ni salama, mnapima nini?" Akafunga mlango. Mjane wake anatuambia swali hilo lilimkaa rohoni. "Aliniambia, yule mama ana haki ya kuuliza. Mimi ndiye sina jibu."

Sasa, nyumba ya mwisho kabisa kabla ya uzio ni ya mkulima wa mboga, mama wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Kwa kuwa anakaa pale pembeni, wanamwita Mama Kona. Nusu ya mboga za soko letu hutoka kwenye matuta yake. Bwana Spinachi alipofika kwake, kijana bado, amekataliwa mlango kwa mlango, Mama Kona alimtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Mwanangu, spinachi nitakupa. Lakini kaa kwanza."

Akachuma kutoka tuta lile lile. Akapika. Akamwekea bakuli mbele yake.

"Kula. Ukila, na mimi nitakula, na wateja wangu watanunua. Usipokula, huo mlango, na huo mkoba wako."

Akala. Akala yote, akakomba na bakuli. Mama Kona akalichukua lile bakuli tupu, akalifunika kifudifudi juu ya ukuta wa ua wake, kila apitaye alione. Kuanzia siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Msimu ukifika, Bwana Spinachi anakaa, anakula, bakuli linafunikwa ukutani. Likifunikwa, soko linachangamka. Na jina la Bwana Spinachi likamganda, hata mkewe akaanza kulitumia akitaka kumchokoza.

Kuna waliomwuliza, "Kwa hiyo kituo ni salama, siyo?" Jibu lake lilikuwa moja siku zote: "Mimi si mtabiri. Ya kesho siyajui. Ninalijua tuta hili, leo." Hakuzidisha, hakupunguza.

Tatizo lilikuwa moja tu. Kanuni za kazi yake zilimkataza kula chochote mahali anapochukua sampuli. Chochote! Yeye akanyamaza, akala mwaka nenda mwaka rudi, na mkuu wake wa kazi hakujua.

Ndipo lilipokuja jino.

Wasikilizaji wapendwa, mtu huyu hakuogopa mionzi, lakini alimwogopa daktari wa meno. Wanaume, mnajijua. Alilificha gego bovu mpaka shavu likavimba, mkewe akamburuta asubuhi na mapema likang'olewa. Daktari akamwambia asile kitu mpaka ganzi iishe. Basi si angerudi nyumbani akalale? Hakurudi. Ilikuwa siku ya sampuli. Akaenda moja kwa moja kwa Mama Kona, pamba mdomoni, kofia imeshushwa kuficha uvimbe.

Siku hiyo uani kulikuwa na akina mama wachuuzi waliokuja kununua mboga za jumla. Mama Kona akamletea bakuli. Bwana Spinachi akatikisa kichwa. Aliona aibu kuonyesha pamba yenye damu mbele ya akina mama. Akachukua mfuko wake wa spinachi, akainama kidogo kwa heshima, akaondoka. Bakuli likabaki limejaa.

Hakusema neno. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na lilikuwa kubwa.

Kabla hajafika maabara, habari ilikuwa imeshafika sokoni. "Bwana Spinachi amekataa kula!" Amekataa? Amekataa. Ameona nini huyo? Lisemwalo lipo, kama halipo laja! Kesho yake mboga zililala sokoni zikanyauka. Maziwa yalimwagwa mtaroni. Mwenye nyumba mmoja akawaona wapangaji wake wanafunga virago. Mama Kona mwenyewe alikaa katikati ya matuta yake, mikono mapajani, hana wa kumuuzia.

Bwana Spinachi alizipata habari akiwa kazini. Alitaka kutoka mbio. Mkuu wake akamzuia. "Tutatoa tamko. Wewe tulia hapa. Na kwanza, kwa nini watu wanasema umekataa kula? Uliwahi kula?"

Hapo ndipo alipobanwa, msikilizaji. Akikana, kazi yake iko salama, na mtaa uendelee kuteketea kwa uvumi. Akikiri, amejichimbia kaburi mwenyewe. Na alikuwa na mke, na binti aliyekuwa bado shuleni.

"Nimekula miaka yote," alisema. Akachukua kofia yake, akaenda sokoni.

Walioshuhudia wanasimulia mpaka leo. Alipanda juu ya kreti ya soda, shavu kama amemeza andazi zima, akafungua mdomo. Wakapanga foleni kuchungulia! Mama Kona alikuwa wa kwanza. Akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akachungulia.

"Jino?" akauliza. "Ni jino?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Jino moja linyime mji mzima chakula!"

Soko likaangua kicheko. Lakini Mama Kona hakucheka. Alimwambia maneno ambayo mjane wa Bwana Spinachi anayakumbuka, kwa kuwa mumewe aliyarudia nyumbani neno kwa neno: "Siku nyingine ukiumwa jino, sema unaumwa jino. Sisi hatuna kipimo kingine."

Kisha akaleta bakuli. Bwana Spinachi akatafunia upande wa pili, machozi yanamtoka kwa maumivu, mpaka likaisha.

Binti yake anasema baba yake alirudi siku hiyo akiwa mnyonge, wala si kwa sababu ya jino. "Alituambia, nilidhani wanasoma ubao. Kumbe walikuwa wananisoma mimi usoni. Na uso wangu ukikosea je?"

Alisimamishwa kazi. Akaletwa mwingine, kijana msafi, mwenye adabu na mwenye kufuata kanuni. Kila mlango aliopiga hodi aliulizwa swali moja: "Unakula?" Akisema hairuhusiwi, mlango unafungwa. Maabara ikakaa bila jani hata moja. Mwisho wa yote wakubwa wa kituo wakaja wenyewe kwa Mama Kona, wakaketi kwenye vigoda vyake, wakazungumza. Bwana Spinachi akarudishwa kazini. Na yeye ndiye aliyewaomba waongeze jambo moja: kila sampuli igawanywe mara mbili. Nusu iende maabara ya kituo. Nusu iende maabara nyingine, ya mbali, watakayoichagua wakazi wenyewe. Narudia: wakazi wenyewe. "Mdomo wangu si mashine," aliwaambia majirani. "Msinitegemee mimi peke yangu." Wakakubali. Lakini bakuli hawakumsamehe, aliendelea kulila mpaka alipostaafu!

Mwaka huu moyo ukaanza kumsumbua. Madaktari walisema ni ugonjwa ule ule uliomchukua baba yake. Lakini mtaani minong'ono ikaanza. Si mnajua alikula nini miaka yote? Ikamfikia kitandani. Mjane wake anasema hiyo ilimuuma kuliko kifua.

Mchana mmoja, saa ya kutazama wagonjwa, wodi imejaa majirani, akaingia Mama Kona. Mzee sasa, anatembelea fimbo. Mkononi ana bakuli, limefunikwa kwa kitambaa. Kila mtu alijua ndani kuna nini. Wakampisha njia.

Bwana Spinachi akajaribu kuinuka. Hakuweza. Chakula kilikuwa hakipiti tena. "Mama," akasema, "leo siwezi. Na wananitazama. Watasema."

"Waseme," alijibu Mama Kona. "Nani amekwambia ule? Umeshakula vya kutosha."

Akavuta kiti. Akakaa karibu na mto wake, akafunua bakuli, akaanza kula. Taratibu, kijiko baada ya kijiko, mbele ya mtaa mzima. Alipomaliza akawageukia watu. "Kilichomlaza huyu, mimi si daktari. Daktari kasema moyo. Mimi ninalijua tuta langu, leo."

Halafu akalifunika bakuli tupu juu ya meza ya dawa, pale mgonjwa aweze kuliona.

"Alicheka," anasema mjane wake. "Alicheka mpaka nesi akaja kumtuliza. Ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia."

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole mjane na binti yake. Tunawapa pole wenzake wa maabara, na wakazi wote wa mtaa ule wa nyuma. Pole sana, Mama Kona, umezika mwanao. Mwenyezi Mungu awape subira.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Ni rahisi kumwambia mwenzako, "Niamini." Basi kabla hujalisema neno hilo, uwe mkubwa wa kituo, uwe fundi, uwe mzazi, jiulize kama uko tayari kuketi kwenye kigoda chake ukala kile unachomwambia ni salama. Na siku ukishindwa kula, jiulize kama utakuwa na ujasiri wa kufungua mdomo, aone kwa nini.

Bwana Spinachi, bakuli limeshafunikwa. Pumzika, baba.